Sherehe za jadi na imani yetu: Bulabo ya Bujora na maswali ya Buha

Kila mwaka, inapoadhimishwa Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, uwanja wa Bujora huko Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, hujaa wachezaji wa ngoma. Makundi mawili ya jadi ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hushindana: wengine wakicheza na majembe, wengine na chatu, na umati ndio mwamuzi, kwa kuwa kundi linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Sherehe hiyo huitwa Bulabo, yaani maua, kwa ajili ya maua yanayotandazwa njiani katika maandamano ya Ekaristi. Aliyeiunganisha na ngoma za mashindano ni Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Québec, Kanada, aliyefika Bujora katika miaka ya 1950, akajenga kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma na kuanzisha makumbusho. Wasukuma walimwita Fumbuka.

Tunaikumbuka Bujora kwa sababu sherehe za jadi zimerudi kwa nguvu. Mnamo Septemba 2021, katika tamasha la utamaduni hapohapo Kisesa, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa Chifu Hangaya. Majirani zetu wa Rwanda wameifufua Umuganura, sherehe ya mavuno ya kwanza, na kuiadhimisha kitaifa kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Si ajabu basi vijana wa Kasulu, Kibondo na Rungwe Mpya wakiuliza: na sisi Waha, tuna nini, na Mkristo anaruhusiwa kushiriki nini?

Wapo wanaojibu upesi kwamba yote ni ushetani. Wengine, upesi vilevile, husema ni utamaduni tu. Sisi tunaona kwamba neno hilo “utamaduni” limekuwa pazia linalofunika mambo mengi mno.

Kanisa lenyewe limelipia gharama ya majibu ya haraka. Padre Matteo Ricci, Mjesuiti aliyeingia Beijing mwaka 1601, aliwaruhusu Wakristo wa China kuendelea kuwaheshimu wazazi waliofariki kwa kuinama na kufukiza uvumba, akiamini kwamba ni adabu ya mtoto kwa mzazi, si ibada. Wamisionari wengine walipinga. Papa Klementi XI alikataza mwaka 1715, Mfalme Kangxi kwa hasira akaifunga milango ya nchi kwa mahubiri, na Papa Benedikto XIV akakaza katazo hilo mwaka 1742. Ni mwaka 1939 tu, chini ya Papa Pius XII, Roma iliporuhusu heshima hizo. Leo Wakatoliki wa kisiwa cha Taiwan huwakumbuka mababu zao wakati wa mwaka mpya wa Kichina, huku majirani zao wakijaza mahekalu ya Mazu, mungu-mke wa mabaharia. Kuinama ni kulekule. Anayeinamiwa na anachoombwa ndivyo vinavyotofautiana.

Hata Bujora jambo hilo halikuisha kwa kujenga kanisa la msonge. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, dawa za kuvuta umati ni sehemu ya mila tangu zamani. Mchezaji anaweza kupokea Komunyo asubuhi na jioni akaingia uwanjani na hirizi kiunoni. Ngoma ni ileile, na maua ni yaleyale. Lakini tumaini lake amelipeleka kwingine, na hapo hakuna jukwaa wala hotuba ya mgeni rasmi inayoweza kulifanya kuwa utamaduni tu.

Kwetu Buha mambo hayalingani. Jina Imana, ambalo wazee walimwitia Muumba kabla wamisionari hawajafika, halina haja ya kuonewa haya. Ibada ya kubandwa ni habari nyingine. Humo mtu aliingizwa kwa siri, akapewa hadhi mpya, na Kiranga akawa ndiye mwombezi wa kukimbiliwa. Aliyebatizwa amekwisha kuingizwa kwa Kristo, naye hana nafasi ya pili ya kuingizwa kwa mwingine. Kusema hivyo si kuwadharau mababu zetu, ambao tunawaombea katika kila Misa.

Katikati ya hayo mawili kuna mengi ambayo bado hatujayapima: nyimbo za kulima, za mavuno, za kumpokea bibi harusi, za msibani. Wanaozijua vizuri ni wazee, na hupungua kila mwaka. Kamati za liturujia za parokia zingeweza kuwaendea kabla mvua za kupandia hazijaanza, wakiwa na katekista anayekijua Kiha vizuri, wasikilize kila wimbo tangu mwanzo hadi mwisho na kuuliza unamwita nani. Zile zinazomshukuru Imana kwa mahindi na maharage zingesindikiza matoleo ya mavuno, mahali ambapo sasa mara nyingi tunaimba nyimbo zilizotungwa mbali na mashamba yetu.