Ni Nani Astahiliye Kiti katika Jumba la Sifa?

Mabishano juu ya wanamuziki wanaostahili kuwekwa katika jumba la sifa hayaishi mjini Dar es Salaam. Husikika katika vijiwe vya kahawa vya Kariakoo, tangu Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Sikukuu, na husikika katika vyumba vya masomo vilevile. Mmoja humtaja Mbaraka Mwinshehe. Wa pili humtaja Marijani Rajab. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni kijana kuliko wenziwe, humtaja Diamond Platnumz. Kahawa hupoa, sauti hupanda, na kila mmoja hurudi kwake na jina lile lile alilokuja nalo.

Siyalaumu mabishano hayo. Mji usiobishana juu ya waimbaji wake ni mji uliokufa masikio. Ninacholaumu ni kwamba watu hugombania majina kabla ya kupatana juu ya kipimo. Wachuuzi wa sokoni wana hekima kuliko sisi katika jambo hili. Wao hupatana kwanza kama mchele utapimwa kwa kilo au kwa kibaba, ndipo wagombane juu ya bei. Sisi huanza na ugomvi wa bei, tukamaliza bila ya mizani.

Wala jambo hili si porojo ya jioni tu. Tuzo za muziki za taifa, zilizoanza mwaka 1999, zilipata kutenga heshima ya namna hii kwa wakongwe na kwa taasisi zilizoutumikia muziki. Orodha ya heshima ikishaandikwa huingia magazetini, kisha vitabuni, kisha katika mitihani. Aliyeachwa nje ya orodha leo hatatafutwa na mwanafunzi wa kesho, kwa sababu mwanafunzi hatajua kwamba yupo wa kutafutwa. Kwa hiyo anayeandika orodha bila ya kipimo hafanyi kosa dogo, huzika watu.

Viko vipimo vitatu vinavyotumiwa sana, na vyote vitatu navikataa.

Kipimo cha kwanza ni wingi. Wenye kipimo hiki husema kwamba aliyesikilizwa na watu wengi ndiye mkubwa, na hesabu ya watazamaji katika mtandao ndiyo shahidi. Nauliza: nani aliwahesabu wasikilizaji wa zamani? Baada ya shirika la utangazaji kufanywa idara ya serikali mwaka 1965 na kuitwa Radio Tanzania, studio yake ndiyo iliyokuwa njia kuu ya bendi zetu kurekodi nyimbo, na waliotaka santuri walitegemea sana viwanda vya Nairobi. Bendi zenyewe nyingi zilikuwa mali ya vyombo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo; Polisi walikuwa na yao, vijana wa chama walikuwa na yao, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliingia baadaye chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ikaitwa DDC. Mwanamuziki alikuwa mtu wa mshahara, na mara nyingi gitaa alilolipiga halikuwa lake. Wimbo ulisikika nchi nzima, na hapakuwa na daftari la kuhesabu masikio.

Zaidi ya hayo, upo wimbo ambao ukimya wa redio haukuweza kuuzuia. Remmy Ongala alipotunga "Mambo kwa Soksi", kuwahimiza watu watumie kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza vijana, redio haikuupiga. Wimbo ukapita katika majukwaa na katika kanda, mkono kwa mkono, ukajulikana na watu wengi. Mwenye kipimo cha wingi atauandika kuwa sifuri. Basi kulinganisha hesabu iliyowekwa na mashine na hesabu ambayo haikuwekwa na mtu yeyote si uamuzi. Ni dhuluma iliyovaa nguo za tarakimu.

Kipimo cha pili ni ukale, na hiki ni cha rika langu na la walionitangulia. Sisi husema kwamba muziki ulikwisha na zilipendwa, na kwamba waliokuja baadaye ni watu wa kelele. Nakiri kwamba nami nimelelewa katika ubishi wa Sikinde na Msondo, na hata leo nikisikia tarumbeta zile hujiona nimerudi utotoni. Lakini mapenzi ya utoto si hoja. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, alikuwa mtu wa mapya. Aliupenda muziki wa Kyuba, akaiita bendi yake Cuban Marimba. Siti binti Saad aliposafiri mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, hakuna mwanamke wa pwani hii aliyejulikana kumtangulia katika jambo hilo. Wote hao tunaowaita wa asili walikuwa wazushi wa siku zao. Ukale peke yake hauna sifa. Mwembe mkongwe usiozaa hukatwa kuni.

Muda una faida moja, nayo ni kuchuja. Jumba la sifa la Cleveland, Marekani, huweka sharti kwamba mwanamuziki asifikiriwe mpaka ipite miaka 25 tangu kutoka kwa rekodi yake ya kwanza. Sharti hilo ni jema, kwa kuwa hupoza homa ya mapenzi. Lakini lenyewe ni mlango tu. Kupita miaka 25 hakumpi mtu kiti. Humpa haki ya kujadiliwa. Na kwa sharti hilo hilo, waliotoa kanda za kwanza za kufoka kwa Kiswahili katika miaka ya 1990, kama Mr. II, wamekwisha fika mlangoni, nasi wakongwe hatuna haki ya kuuegemea mlango kwa mgongo.

Kipimo cha tatu ni uzawa, nacho ni kibaya kuliko vyote kwa sababu hujifanya uzalendo. Wapo wasemao kwamba jumba la Tanzania ni la wazaliwa wa Tanzania. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978. King Kikii, aliyefariki mwaka 2024, naye alitoka Kongo. Tukiwatoa hao kwa cheti cha kuzaliwa, tuwatoe na kina nani tena? Western Jazz ilibeba jina la Jimbo la Magharibi, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilibeba jina la Kilwa, na zote mbili zilipatia umaarufu wake mjini Dar es Salaam. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia. Ni mtaa wa waliokuja. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na katika muziki wenyeji tumepona sana. Tena watu wa barabarani wamekwisha mpa Ongala heshima yake bila ya kamati: kule Sinza kipo kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy, na abiria hashuki hapo ila amelitamka jina lake.

Nikivikataa vipimo hivi vitatu, nawajibika kuleta changu. Nasema hivi: astahiliye kiti ni yule ambaye ukimwondoa, waliokuja baada yake hawaelezeki. Kwa neno moja, ni mwalimu; awe alifundisha kwa kusudi, au wengine walijifunza kwake kwa kumsikiliza. Mwenye sauti nzuri anastahili makofi, naye hulipwa makofi hayo usiku ule ule. Mwenye kuacha njia ambayo wengine wameipita, huyo ndiye mwenye kudai kumbukumbu.

Kipimo hiki hubadilisha orodha. Siti binti Saad huingia bila ya ubishi, kwa kuwa taarabu ya Kiswahili ya baadaye haielezeki bila yeye. Marijani Rajab, mwana wa Kariakoo aliyezaliwa mwaka 1955 na kufariki mwaka 1995, huingia kwa sababu aliwaonyesha watunzi jinsi kisa kizima cha mtu kinavyoweza kusimuliwa ndani ya wimbo wa dansi. Lakini pamoja nao huingia watu ambao vijiwe vya kahawa haviwataji. Huingia Michael Enoch, aliyepigia Dar es Salaam Jazz kisha Mlimani Park, ambaye wanamuziki wenzake walimwita "Teacher", na hawakumwita hivyo kwa mzaha. Ilikuwa kazi ya watu kama yeye kupanga magitaa na tarumbeta hata sauti ya mwimbaji ikapata mahali pa kukaa.

Huingia pia wanawake wa ngoma. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakuanza na ofisi wala magazeti. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, akavitumia vikundi vya lelemama na vinginevyo vya mjini Dar es Salaam kuwafikia wanawake. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, watunzi na wapigaji. Historia ya siasa inamkumbuka Bibi Titi, na ni haki yake. Historia ya muziki imewasahau wenzake, kama kwamba nyimbo zilizokusanya umma zilijiimba zenyewe. Tusidhani kwamba kosa hili ni letu peke yetu. Jumba la Cleveland lilipochagua waimbaji wake wa kwanza mwaka 1986, wote walikuwa wanaume. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke aliyepiga gitaa la umeme kabla ya wengi wao kujulikana, alikufa mwaka 1973 na hakuingizwa mpaka mwaka 2018. Wao wana udhuru wa kutangulia kukosa. Sisi tumekwisha liona kosa; tukilirudia, tutakuwa tumelikusudia.

Huenda ikasemwa kwamba jumba la watu wasiojulikana litakosa wageni. Jawabu langu ni kwamba kazi ya jumba ni kujulisha. Kama ni kuwaweka wanaojulikana tu, ukuta wenye mabango ya tamasha unatosha, na hauna gharama. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu waimbe wimbo wowote wa Mlimani Park. Huimba, tena kwa furaha, na baadhi yao hukumbuka ubeti baada ya ubeti. Kisha huwauliza: nani aliutunga? Nani alipiga gitaa la solo? Chumba hunyamaza. Wimbo wanao, watu wake hawanao. Ukimya huo ndio hoja yangu yote.

Na ukimya huo una bei yake katika shilingi. Muhidini Maalim Gurumo aliimba katika NUTA Jazz, akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park, akarudi Msondo. Akautumikia muziki kwa nusu karne hivi. Alipostaafu mwaka 2013, nchi ilisikia kwamba mzee yule hakuwa na gari, na kijana Diamond Platnumz akampa moja. Mwaka uliofuata Gurumo akafariki. Namshukuru kijana kwa adabu yake; alimtambua mwalimu, na kwa kitendo hicho alikielewa kipimo changu kabla sijakiandika. Lakini zawadi ya mtu mmoja haifuti deni la wengi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati nyimbo nyingi za bendi zilikwisha pigwa kwa miaka mingi. Na mirabaha haiwezi kumfikia mtunzi, wala mjane wake, kama hakuna anayeweza kuthibitisha nani alitunga nini. Heshima isiyotanguliwa na daftari la majina ni kejeli iliyotiwa fremu.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba jumba lianze kwa daftari kabla ya picha na sanamu. Kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa zimo mikononi mwa TBC, zisikilizwe moja baada ya moja pamoja na wazee waliobaki, na kila wimbo uandikiwe mtunzi wake, waimbaji wake na wapigaji wake. Kiti kipewe bendi pamoja na watu wake wote kwa majina, maana muziki wa dansi wa mji huu ulifanywa na bendi, na mtu peke yake alikuwa sehemu tu ya kazi hiyo. Kazi hii haingoji bajeti kubwa. Inangoja wanafunzi wenye masikio, kalamu na miguu ya kufika Kariakoo, Magomeni na Temeke kabla wazee hao hawajatutoka. Kila msiba wa mpiga gitaa wa zamani ni ukurasa ambao hautaandikwa tena.

Najua wapo watakaokiona kipimo hiki kuwa kigumu, na wapo watakaosema kimewapendelea wafu. Sikatai kubishana nao. Asiyekitaka na alete chake, tukiweke mezani mbele ya wasomaji tukipime kama hiki kilivyopimwa. Ila asije na jina tupu mkononi.