Kikombe cha Chai na Sahani ya Sombe

Mwezi wa Juni uingiapo, asubuhi za Mwadingusha huwa na baridi. Upepo hutoka upande wa ziwa Tshangalele, na katika kila nyumba birika limekwisha kuwekwa juu ya makaa. Hapo ni nani atakataa chai? Sisi wenyewe hatukatai. Lakini juma hili twataka kusema juu ya saa ya kuinywa, maana hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Kwanza tujue tunywacho. Wengi hudhani kwamba chai nyeusi, ya kijani na nyeupe hutoka katika miti mbalimbali. Sivyo, mche ni mmoja, nao wataalamu huuita Camellia sinensis. Majani yakipigwa moto au mvuke mara baada ya kuchumwa, hubaki ya kijani, na ladha yake ni kama ya majani mabichi. Yakinyaushwa, yakasagwa na kuachwa yapate hewa, hugeuka rangi ya kahawia. Ndiyo chai nyeusi, yenye ukali. Nyeupe ni ya machipukizi machanga, nayo ni laini mno. Huko Kivu, na Kenya pia, ilikopandwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru, viwanda hutengeneza hasa ile nyeusi.

Chai nyeusi yataka maji yachemkayo. Hapa kwetu, kwa kuwa tuko juu ya bahari kiasi cha meta 1,100, maji huchemka yafikapo digrii 96 hivi, hayo yatosha. Mimina juu ya majani, funika dakika 3 hata 5, kisha chuja. Kuchemsha majani nusu saa, ili machache yatoshe watu wengi (tabia hiyo twaijua, hata nyumbani mwetu ilikuwapo), hutoa ule ukali ukaushao ulimi.

Ukali huo huitwa tanini, nao una jambo zito. Mama apikapo bukari na sombe, majani yale yana madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula hicho, tanini huyashika madini tumboni, na sehemu kubwa yapita bure. Mtu mzima alaye nyama na samaki mara kwa mara aweza kuvumilia. Lakini mama mjamzito, au mtoto ambaye malaria imekwisha kumpunguzia damu, yeye hupata hasara ya kweli. Twawaona darasani watoto wenye macho meupe, wasinziao kabla ya saa nne. Hatusemi kwamba chai ndiyo sababu ya yote, lakini kikombe cha chai mahali pa uji hakiwasaidii. Basi, chai na inywewe saa nzima mbali na chakula, na juu ya sombe kamulieni limau, maana hilo huusaidia mwili kupokea chuma.

Tena, isinywewe ikiwaka moto. Hata leo wazee husema chai ya moto hufungua kifua. Lakini mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni walitangaza kwamba vinywaji vilivyozidi digrii 65 yaelekea huleta kansa ya umio. Ngoja kidogo, ipoe.

Wengine hutuuliza juu ya majani ya artemisia, yanywewayo kama chai dhidi ya malaria. Ni kweli kwamba dawa ya artemisinini hutoka katika mmea huo. Lakini ndani ya kikombe kipimo hakijulikani: leo kingi, kesho kidogo, na homa yaweza kurudi. Shirika hilo halishauri kutibu malaria kwa njia hiyo. Mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu siku ile ile.

Kwa watoto, jioni, uko mchaichai, ile nyasi yenye harufu ya limau iotayo nyuma ya nyumba. Huo si chai hasa, wala hauna kafeini ya kuwanyima usingizi. Kateni majani matatu, yaosheni vema, yachemsheni dakika 5.