Unalala au Unapumzika?

Kuna aina ya makala ya safari ambayo mimi nimeichoka. Mwandishi anawasha gari Dar es Salaam, anaifuata pwani kwenda kaskazini, hajaweka nafasi popote, na kila jua linapozama anapokewa kwa tabasamu. Chandarua kinashushwa, samaki anakaangwa, na mwisho tunafungiwa kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikifika hapo huwa natazama jina la mwandishi. Mara nyingi ni mwanamume.

Nami nimeipita njia hiyo. Bagamoyo, Makurunge, katikati ya Hifadhi ya Saadani, Mkwaja, mpaka Bweni, nilipovuka mto kwa kivuko kuingia Pangani mjini. Nilikuwa peke yangu na sikuwa nimeweka nafasi. Wala sikuwa natafuta hadithi. Ndivyo tunavyosafiri wengi wetu. Fundi aliyeitwa kupaua nyumba Mkwaja haweki nafasi. Mama anayemfuata mgonjwa Hospitali ya Bombo, Tanga, hana kadi ya benki ya kushikia chumba. Anafika, anauliza, anapiga hodi. Watalii wanaita ujasiri. Sisi hatuna jina lake, maana hatujui namna nyingine.

Pangani nilishuka kivukoni magharibi inaadhiniwa. Gesti ya kwanza, kijana wa mapokezi hata jina hakuniuliza. Alisema, "Dada, unalala au unapumzika?"

Kwa usiyezijua gesti zetu: kupumzika ni saa moja au mbili, kwa bei ya chini, na mtu hapumziki peke yake. Nikasema nalala. Akachungulia nyuma yangu.

"Uko na nani?"

Niko peke yangu.

"Mwenyeji wako hapa Pangani ni nani?"

Sina. Akaingia ndani, akarudi: vyumba vimejaa. Ubaoni nyuma yake funguo zilikuwa zinaning'inia, nikazihesabu, saba. Nikiwa bado nageuza gari, akaingia mwanamume na begi lake. Hakutoka.

Gesti ya pili angalau walisema kweli. Mwanamke peke yake hawamlazi, bosi hataki mambo. Mambo gani jamani? Hakuna aliyeyataja.

Najua utetezi wao, na una uzito. Likitokea la kutokea chumbani, polisi humwendea mwenye gesti kwanza na kuitisha daftari la wageni. Ndiyo maana daftari lina safu za jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Sawa. Nileteeni nijaze, hata hiyo safu ya kabila ambayo sioni inamsaidia nani. Lakini daftari hilohilo lilimtosha yule mwenye begi. Kwa nini mimi nidaiwe na mdhamini juu yake?

Wengine watasema, si ungepiga simu mapema? Ningepiga, na sauti ingekuwa ya mwanamke vilevile. Au ningelala kwenye hoteli za ufukweni, zile za kuweka nafasi kwa intaneti? Usiku mmoja kule ni gesti ya wiki nzima. Kunielekeza huko ni kunifukuza kwa adabu.

Wapenzi wa historia nao watanitajia Ibn Battuta. Alifika Mogadishu mwaka 1331, akaeleza desturi ya pale: meli ikitia nanga, vijana wa mji huifuata kwa mashua, kila mmoja na sinia la chakula, humpa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Kisa hiki husomwa kama ushahidi wa ukarimu wa pwani. Kisomeni tena. Mgeni akishachukuliwa, ni mwenyeji wake anayemuuzia bidhaa na kumnunulia. Ukarimu ule ulikuwa na utaratibu wake, na faida yake, na mdhamini wake. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa ni mwanachuoni, alihesabiwa mgeni wa kadhi. Mwanamke aliyeshuka peke yake hayumo katika kisa hicho. Miaka karibu 700 imepita, naye bado amesimama kivukoni.

Aliyeniokoa ni mama ntilie mmoja. Nilimwamkia, nikaagiza wali samaki, akaona ninavyouchezea. "Mwanangu, una nini?" Nikamweleza. Alifunika sufuria zake, akanishika mkono hadi gesti ya tatu, akamwambia dada wa mapokezi: "Huyu mgeni wangu." Basi. Ufunguo ukatoka. Shilingi 20,000, feni, chandarua, ndoo ya maji. Nikalala fofofo.

Mungu ambariki yule mama. Lakini asubuhi, njiani kwenda Tanga, hasira yangu ilikuwa palepale. Alikuwa amenijua kwa muda wa sahani moja ya wali. Neno lake lilitosha. Neno langu, kitambulisho changu cha taifa na pesa taslimu mkononi, vyote pamoja, havikutosha. Na asingekuwepo je? Ningelala ndani ya gari, halafu kesho yake watu wale wale waniulize mwanamke gani huyu alalaye barabarani.

Kwa wenye gesti ombi langu ni dogo: bandikeni bei ukutani, leteni daftari, niulizeni yaleyale mnayomuuliza mwanamume. Mimi nalala. Nikisema nalala, niaminini.

Kwa waandishi wenzangu nina neno zaidi. Mkirudi safari na methali yenu, tuambieni pia mlikuwa nani mlipopiga hodi, na nani alisimama nyuma yenu. Msipotuambia, yuko dada atakayeisoma makala yenu, ajaze mafuta, na afike Pangani magharibi akiwa ameishika methali kama ufunguo.