Betri ya Miaka 50 Haiwashi Simu

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndugu msomaji, kama ipo bidhaa ambayo sifa zake hutembezwa mno kabla yenyewe haijafika dukani, basi ni betri mpya ya simu. Kila mwaka twatangaziwa nyingine: hii itajaa kwa nusu dakika, ile itadumu maisha yote. Mwaka hupita, na jioni sote tungali twatafuta soketi ukutani.

Tuitazame ile iliyostaajabisha watu wengi zaidi. Mwezi Januari 2024, kampuni ya Betavolt ya China ilitangaza betri ndogo kuliko sarafu, itumiayo nikeli yenye mionzi, ambayo ingetoa umeme kwa miaka 50 bila kuchajiwa. Habari zikaenea kwamba siku za chaja zimekwisha. Lakini kampuni hiyo ilitaja na nguvu ya betri yake: maikrowati 100, yaani sehemu moja ya wati iliyogawanywa mara elfu kumi. Simu yako, kioo kikiwa kinawaka, hula kiasi cha wati moja au zaidi. Basi simu moja ingehitaji betri hizo 10,000. Ukizikusanya, zitajaza ndoo ya lita kumi na nyingine zitabaki nje. Betri hiyo yaweza kufaa vipimo vidogo vinavyotumia umeme kidogo mno. Simu si mojawapo.

Kabla ya hapo, mwaka 2014, kampuni ya StoreDot ya Israel ilionyesha simu iliyojaa kwa sekunde 30, ikatarajia kuingia sokoni baada ya miaka michache. Simu hiyo haikufika madukani, na kampuni ikageukia betri za magari. Hesabu yaonyesha ugumu ulipo. Betri ya simu nyingi za leo hubeba wati-saa 19 hivi. Kuijaza kwa nusu dakika kwahitaji zaidi ya wati 2,000, yaani umeme wa pasi mbili zikiwaka kwa pamoja, upite katika waya mwembamba hadi kwenye kifaa ulichokishika mkononi.

Je, wataalamu wamelala? La hasha. Betri ya lithiamu tuitumiayo iliuzwa kwa mara ya kwanza na Sony mwaka 1991, na waasisi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Tangu hapo imeboreshwa hatua kwa hatua, wala si kwa miujiza. Ugumu wenyewe ni kwamba betri njema sharti itimize mambo mengi kwa wakati mmoja: ibebe umeme mwingi, ichajiwe mara mamia bila kuchoka, iwe rahisi kwa bei, na isiwake moto. Ile ya maabara mara nyingi hushinda katika jambo moja, ikaanguka katika mengine. Nasi hutangaziwa lile moja tu.

Tena, kosa dogo hapa si mchezo. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 baada ya baadhi kushika moto. Uchunguzi wake, uliotangazwa Januari 2017, ulikuta kasoro ndani ya betri zenyewe. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo yaweza kuteleza, itakuwaje kwa betri isiyo na jina, iliyopangwa juu ya meza kando ya kituo cha basi?

Hapo ndipo jambo hili linapougusa mshahara wa mfanyakazi. Sifa zikishatuzoesha kuamini makubwa, hatushtuki kuona pawabenki nyepesi kama kiberiti iliyoandikwa 50,000. Ipime kwa mkono wako. Pawabenki ya kweli ya 10,000 huwa na uzito wa gramu 200 hivi. Basi ya 50,000 yakaribia kilo nzima. Ikiwa ni nyepesi, maandishi yanadanganya, nawe utalipia hewa. Kadhalika, betri iliyovimba usiitoboe wala usiendelee kuichaji, na usilaze simu inayochajiwa chini ya mto wa mtoto.

Ndugu msomaji, ukisikia tena habari ya betri ya ajabu, uliza maswali matatu: Yabeba umeme kiasi gani? Yautoa kwa nguvu gani? Yauzwa duka gani, kwa bei gani? Yasipojibiwa yote, soma habari hiyo kwa furaha, kisha uifunge fedha yako vizuri kwenye pindo.