Kioo Kipi Kinafaa Sebuleni Kwetu?

Mwezi huu tumeliacha jiko kidogo tuingie sebuleni. Mama mmoja ametuandikia kwamba zamu yake ya upatu imefika na mkononi ana shilingi laki sita. Televisheni yao ya chogo imekufa. Watoto wanne wanakwenda kutazama kwa jirani na kurudi usiku, jambo ambalo halimpendezi yeye wala baba yao. Dukani ameonyeshwa televisheni bapa za aina nne, kila moja ikisifiwa kuliko mwenzake, na fundi wa mtaani naye amemletea ya tano, iliyotumika, tena kubwa kuliko zote. Anauliza LCD, LED, QLED, OLED na plazma zinatofautianaje, na ipi haitamjutisha. Mwezi wa kwanza anadaiwa ada za shule, hivyo fedha hii ikipotea hakuna nyingine.

Tumeona tumjibu hapa ukurasani, maana swali lake ni la wengi wetu.

Kwanza tuondoe utata wa majina. Karibu kila televisheni bapa ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuinunua leo ni LCD. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wenyewe. Ni kama pazia lenye vitundu mamilioni, vinavyofunguka na kujifunga kwa umeme, na nyuma ya pazia hilo kuna taa. Vitundu vikifunguka mwanga unapita, vikijifunga giza linaingia, na rangi zinapatikana kwa sababu kila kitundu kina kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu. Zamani taa hizo za nyuma zilikuwa mirija myembamba, ndugu wa zile taa ndefu za dari. Siku hizi ni balbu ndogo ndogo za LED zilizopangwa kwenye vipande virefu. Basi neno LED kwenye boksi linaeleza aina ya taa tu. Muuzaji akikuambia, "Hii si LCD, mama, hii ni LED," mwitikie kwa upole na uendelee kutazama. Wali ni wali, upikwe kwa mkaa au kwa gesi.

QLED nayo ni LCD hiyo hiyo, ila imeongezewa karatasi ya chembe ndogo mno zinazozifanya rangi ziwe safi zaidi. Mini LED vile vile ni LCD, lakini taa za nyuma ni nyingi na ndogo sana, zimegawanywa katika makundi, hivyo kundi moja laweza kufifia huku jingine likiwaka. Faida yake inaonekana usiku, penye picha za giza: weusi unakuwa mweusi, si kijivu. Ni vitu vizuri, na bei yake inapanda kwa kadiri ya uzuri huo.

OLED ndiyo ya ukoo mwingine. Hapo hakuna taa ya nyuma kabisa. Kila nukta ya picha inawaka yenyewe na kujizima yenyewe, ndiyo maana giza lake ni giza kweli na kioo chake ni chembamba kama kitabu cha daftari. Ukiitazama kutoka pembeni rangi hazibadiliki sana. Hatuwezi kuikana sifa yake. Lakini kwa kawaida haipatikani chini ya inchi 42, bei yake ni ya watu wenye nafasi, tena ina udhaifu mmoja unaoigusa nyumba ya Kiafrika: picha isiyosogea ikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi, siku baada ya siku, huacha alama isiyofutika. Nembo ya kituo pale pembeni juu, na ule utepe wa habari pale chini, ndivyo vinavyoacha alama hizo. Na nyumba ngapi kati yetu televisheni inawashwa asubuhi kwenye kituo kimoja ikazimwa watu wakienda kulala?

Sasa plazma ya fundi. Katika miaka ya 2000 plazma zilikuwa fahari ya sebule, na picha yake ilikuwa nzuri kweli. Lakini watengenezaji wakubwa, Panasonic, Samsung na LG, waliacha kuzitengeneza kati ya 2013 na 2014. Maana yake ni kwamba plazma yoyote anayoletewa mtu leo imezeeka, na vipuri vyake vinatolewa kwenye maiti za wenzake. Ni nzito, inatoa joto kama pasi, na inakula umeme. Hesabu ni hii. Plazma ya inchi 42 yaweza kutumia wati 250. LED ya inchi 32 hutumia kama wati 50 au pungufu. Ukitazama saa tano kwa siku, kwa mwezi plazma itakula uniti 37 na nusu, na LED uniti saba na nusu. Tofauti ya uniti 30 kila mwezi, mama, ni pesa ya LUKU ambayo fundi hakuitaja. Unafuu wa bei yake unaliwa na mita.

Kwa hiyo plazma tunaikataa, na OLED tunaiacha kwa wenye uwezo. Zinabaki LCD zenye taa za LED, na hapo ndipo penye kazi, maana vioo vya LCD havifanani ingawa boksi zinafanana.

Kuna vioo vya namna mbili vinavyotumika sana, mafundi huviita IPS na VA. IPS ina rangi zinazodumu hata ukiitazama kutoka pembeni, lakini weusi wake umepauka, na usiku taa zikizimwa utaona kijivu. VA ina weusi mzuri zaidi, pengine mara tatu ya mwenzake au zaidi, lakini ukitoka katikati ukakaa pembeni rangi zinaanza kupauka. Maelezo haya aghalabu hayaandikwi kwenye boksi. Hata hivyo macho yako yanaweza kuyasoma. Simama mbele ya televisheni iliyowashwa, kisha tembea polepole mpaka ubavuni, kama unayekwenda kwenye kiti cha mwisho. Uso wa mtangazaji ukigeuka kama umepakwa majivu, umeshajua. Halafu chuchumaa, utazame kutoka chini, kwa sababu huko ndiko watoto wako watakapokaa, mkekani.

Hapa kila nyumba ijitazame yenyewe. Kwa jirani mwenye makochi yaliyozunguka kuta tatu, na wageni kila Jumapili, na mama anayechungulia habari kutoka mlango wa jikoni, sisi tungechagua kioo kinachoonekana vizuri pembeni hata kama weusi wake si wa kusifiwa. Kwa wale wanaokaa wawili watatu mbele kabisa, usiku, watoto wakiwa wamelala, VA itawapendeza zaidi. Muuzaji hajui makochi yenu yamepangwaje.

Jambo jingine la dukani: usihukumu kwa picha ya maua na samaki wa rangi inayozunguka pale. Imetengenezwa ili kupendeza, na televisheni yenyewe imewekwa kwenye mwanga wa juu kabisa ili ishindane na taa za duka. Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, omba kwa adabu uwekewe kituo cha kawaida, taarifa ya habari au mpira, na mwanga uteremshwe. Ngozi za watu zionekane ngozi za watu. Kama muuzaji anakataa hata hilo, duka la pili liko mlango wa tatu.

Kuhusu ukubwa, inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, si upana. Inchi 32 ni kama sentimita 81 za mshazari, na upana wa picha ni kama sentimita 71. Inchi 43 ina upana wa kama sentimita 95. Pimeni kabati kabla ya kwenda dukani, kwa maana nyingi za siku hizi zina miguu miwili iliyowekwa karibu na ncha, na stendi iliyobeba chogo kwa miaka kumi inaweza ikawa fupi. Tunajua akina baba wanapenda inchi nyingi. Hatuwalaumu, mpira wenyewe ni mdogo. Lakini katika chumba ambacho kochi liko mita mbili kutoka ukutani, inchi 32 inatosha, na inchi 43 ni anasa nzuri isiyoumiza macho.

Na hizo namba za HD, Full HD na 4K? Zinahesabu nukta za picha: kama milioni moja, milioni mbili na milioni nane. Kwa inchi 32 ukiwa umekaa mita mbili au zaidi, jicho la kawaida halioni faida kubwa ya kuzidi HD. Vituo vyetu vya kawaida havirushi picha za 4K hata hivyo. Kwa inchi 43 tungependa angalau Full HD. Kuanzia 55, 4K ina maana. Tahadhari: maandishi makubwa ya "4K" kwenye boksi la televisheni ndogo ya bei ya chini yasikubabaishe. Tafuta namba 3840 kwa 2160 kwenye maelezo ya kioo chenyewe. Kama hazipo, 4K hiyo ni ya boksi.

Tumjibu sasa dada yetu. Sisi tungenunua LED ya kawaida, inchi 32, mpya, yenye waranti ya maandishi. Kwa laki sita inapatikana na chenji inabaki, na chenji hiyo isirudi sokoni bali inunue kifaa cha kukinga umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, pamoja na antena kama hana. Ile ya inchi 55 anayoahidiwa kulipa kidogo kidogo aiache ilipo. Ada ya Januari haijui habari za kulipa kidogo kidogo.

Aangalie nyuma ya televisheni au kwenye kijitabu chake kama imeandikwa DVB-T2. Huo ndio mfumo wa matangazo ya dijitali unaotumika Tanzania na Kenya, na televisheni yenye kipokezi hicho ndani yake inanasa vituo visivyolipiwa kwa antena peke yake, bila king'amuzi. Hili ni muhimu pia kwa mwenye ndugu aliye nje anayetaka kutuma zawadi. Televisheni ya Marekani au Japani hutumia mfumo mwingine wa kunasa matangazo, na kama imeandikwa voti 110 tu badala ya 100 hadi 240, ukiichomeka kwenye umeme wetu utasikia mlio mmoja na harufu.

Televisheni mahiri, ile inayoingia kwenye intaneti, haina ubaya, ila bando ndilo linalouma. Filamu ya picha ya HD yaweza kula jigabaiti tatu kwa saa moja. Kwa asiye na intaneti ya kulipia kwa mwezi, ya kawaida inatosha.

Wenye watoto wanaopiga mpira ndani wataonyeshwa dabo glasi, yaani televisheni yenye kioo kigumu cha ziada mbele. Sisi hatuidharau. Kioo cha LCD kikipasuka, kukibadilisha kunagharimu karibu sawa na kununua televisheni nyingine. Ubaya wake ni kwamba kinaakisi dirisha mchana, hivyo kisiwekwe kuelekea mwanga.

Na hapa kuna siri ambayo mafundi waaminifu watatuunga mkono. Siku televisheni itakapotoa sauti bila picha, usikimbilie kuitupa wala kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, umulike kioo kwa karibu. Ukiona picha hafifu ikicheza ndani ya giza, kioo ni kizima, na kilichokufa ni taa za nyuma. Hizo hubadilishwa kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na televisheni mpya. Taa hizo huungua mapema kwa sababu ya mwanga uliowekwa juu muda wote, kama ulivyokuwa dukani. Ukifika nyumbani shusha mwanga wa nyuma hadi nusu au zaidi kidogo. Macho yatazoea kwa siku mbili, umeme utapungua na taa zitaishi.

Televisheni bapa ni nyepesi, na mtoto wa miaka miwili anayejivuta kusimama anaweza kuiangusha juu yake. Ifungwe ukutani kwa bano, au ifungwe kwa kamba nyuma ya kabati. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kisipuliziwe dawa ya madirisha wala spiriti. Risiti iwekwe pamoja na kadi ya waranti, na boksi lisiwashiwe moto hadi waranti iishe, kwani baadhi ya maduka hayaipokei televisheni iliyorudi bila boksi lake.