Sensa, Kodi na Gari Kuukuu la Bura

Mgeni wa Kiswahili akiketi karibu na gereji ya jua kali mjini Bura, katika Kaunti ya Tana River, na kuyasikia maneno "sensa" na "kodi" yakirudiwarudiwa, huenda akadhani kwamba maafisa wa serikali wamewasili kuwahesabu watu na kuwatoza ushuru. La hasha! Mafundi wanazungumzia gari. Sensa ni kile kifaa kidogo kinachoipimia injini joto, hewa au oksijeni iliyomo katika moshi. Nayo kodi ni msimbo ambao kompyuta ya gari huuhifadhi, huku ikiwasha taa ya injini, kipimo fulani kinapokwenda kombo.

Hata hivyo, mara nyingi dereva wa gari kuukuu hulipa kodi ya aina nyingine. Fundi huusoma msimbo, hutaja sensa, nayo sensa mpya huagizwa kutoka Garissa au Malindi. Hufungwa, fedha hulipwa, na baada ya siku mbili taa huwaka tena. Nashikilia kwamba hasara hii haitokani na uhaba wa vifaa peke yake. Inatokana na usomaji mbaya wa ujumbe, na usomaji ni kazi yetu sisi walimu.

Jambo hili si dogo kwa mkazi wa Bura. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, lakini haisemi litaendelea kutumika kwa miaka mingapi baada ya hapo. Gari lililozeekea katika miji mikubwa huishia katika barabara ya Garissa, Hola na Garsen, likibeba abiria, maembe na wagonjwa, katika joto na vumbi linaloziba kila tundu. Tena Bura inajua vyema gharama ya mashine inayokwama. Mpango wa umwagiliaji maji ulioanzishwa huko karibu na mwaka 1980 ulitegemea pampu za dizeli za kuvuta maji ya Mto Tana. Pampu zilipogoma, pamba ilikauka mashambani na familia zilizohamishiwa huko zikabaki zikitazama mitaro mikavu.

Hebu basi tuitazame lugha yenyewe ya gari. Jimbo la California, Marekani, lilianza kudai kompyuta za magari zijichunguze kuanzia magari ya mwaka 1988, na kufikia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ilikuwa na mfumo mmoja. Katika mfumo huo kila msimbo una alama tano. Herufi P huonyesha kwamba shida iko upande wa injini na giaboksi. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo ni wa magari yote, na ikiwa 1, ni wa kampuni iliyolitengeneza gari. Tarakimu inayofuata hutaja sehemu: 1 ni hewa na petroli, 3 ni plagi na uwakaji wa moto. Toyota nyingi za kabla ya hapo hazihitaji hata mashine ya kusomea. Fundi huunganisha kwa waya vituo viwili, TE1 na E1, katika kisanduku kilicho chini ya boneti, huwasha swichi bila kuiwasha injini, kisha huhesabu jinsi taa inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, yaani habari za kipimajoto cha maji ya injini.

Tuchukue mfano wa msimbo P0118, ambao pia ni wa kipimajoto hicho. Kwa Kiswahili fasaha, msimbo huu unasema: "Volteji katika saketi ya kipimajoto cha maji imezidi kiwango." Hausemi sensa imekufa. Hausemi nunua nyingine. Ukinzani wa kipimajoto hiki hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi huwa ni kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Waya ukikatika, ukinzani hauna mwisho, volteji hupanda, na kompyuta huelewa kwamba kuna baridi kali mno. Hapo mashine ya kusomea mara nyingi huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri.

Nyuzi 40 chini ya sifuri, Bura! Mchungaji yeyote wa Kiorma angecheka, na kicheko chake kingekuwa utambuzi sahihi kuliko ule wa fundi anayekimbilia duka la vipuri. Kipimo kisichowezekana mahali kilipopimwa kinatutaka tuukague waya na soketi yake kwanza. Na njia ya kuthibitisha ni rahisi: chomoa soketi ya sensa, uunganishe tundu zake mbili kwa kipande cha waya, kisha utazame. Kipimo kikiruka kutoka baridi kali hadi joto kali, waya na kompyuta ni vizima na sasa unaweza kuishuku sensa. Kisipobadilika, sensa mpya haitakusaidia.

Hapa ndipo isimu inapoingia gereji. Fundi anaposema "sensa imekufa", amezifumba kauli tatu katika moja: huenda sensa imeharibika, huenda sensa ni nzima lakini waya umekatika, huenda vyote ni vizima na injini kweli ina tatizo ambalo sensa inaliripoti. Kauli tatu, matengenezo matatu, na gharama tatu zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Kauli ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Msimbo P0171 husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Aghalabu anayelaumiwa ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, ilhali huyo ni mjumbe tu, na wahenga walisema mjumbe hauawi. Mkosaji huenda ni mpira wa hewa uliopasuka kwa joto, kipima hewa kilichovaa vumbi, au filta ya petroli iliyoziba. Mashine ya kusomea huonyesha pia asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusahihisha mchanganyiko. Ikizidi 10 pana neno. Ikiwa juu injini inapotulia na kushuka injini inapofikia mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mahali hewa inapojipenyeza. Ikizidi kupanda gari linapobeba mzigo, tazama pampu na filta ya petroli.

Nasikia mwalimu akiuliza: kwa nini tulifanye hili suala la Kiswahili, ilhali P0118 ni ile ile Tokyo na Bura? Ni kweli, msimbo ni wa dunia nzima. Ufafanuzi wake sio. Mwanagenzi anayekariri maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa huambulia jina la sensa tu, kwa kuwa ndilo neno analolitambua, na kuyaacha maneno "saketi" na "volteji" ambayo ndiyo yaliyobeba maana. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kando ya Kiingereza. Urasmi huo ufike kwenye benchi la fundi. Maneno tunayo: ukinzani, kipimajoto, mkondo. Na yale ya gereji, kama vile plagi, fyuzi na "injini inamisi", tusiyadharau, kwani yamefanya kazi muda mrefu kuliko kamati zetu.

Nawapendekezea walimu wa vyuo vya ufundi zoezi moja. Asubuhi, kabla gari lililolala halijawashwa, wanafunzi wasome joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini, kisha walilinganishe na kipimajoto cha kawaida kilichotundikwa kivulini. Vyote vitatu vinapaswa kukaribiana. Baada ya hapo waandike daftarini sentensi nzima kwa kila msimbo: ni nini kilichopimwa, kipimo kilisema nini, na ni mambo gani matatu yanayoweza kukisababisha. Asifute mtu msimbo wala kung'oa betri kabla ya kuandika, kwa maana kumbukumbu iliyofutwa ni shahidi aliyefukuzwa mahakamani.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini watu wa Bura wameona mawingu mengi yakipita bila kudondosha tone. Hawapandi mbegu kwa sababu wingu moja limetanda. Hutazama upepo, majira na mto. Vijana wao wanaojifunza ufundi wana haki ya kufundishwa kuitazama taa ya injini kwa busara hiyo hiyo.