Masika Yaanzapo Kabalagala: Ndege na Maua Yasiyopandwa

Katika nchi za Ulaya watu huyagawa majira kwa baridi na joto. Theluji inapoyeyuka mwezi wa Machi, huanza kulitazamia ua la kwanza na ndege wa kwanza kurejea. Kampala haina theluji. Jiji hilo liko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Hata hivyo linayo majira yake ya kuchipua. Baada ya ukavu wa Januari na Februari, mvua huanza Machi na kuendelea hadi Mei, majira ambayo Waganda huyaita ttoggo. Katika majuma ya kwanza ya mvua hizo hutokea mengi ambayo mtu mwenye haraka hayaoni.

Kabalagala ni mahali pafaapo kuyatazama, ingawa wengi watashangaa kusikia hivyo. Mtaa huo wa tarafa ya Makindye, kando ya barabara ya Ggaba na chini ya kilima cha Muyenga, hujulikana zaidi kwa baa zake, nyama choma na muziki wa usiku. Jina lake ni lile lile la vile vikate vya kukaanga vinavyokandwa kwa ndizi mbivu na unga wa muhogo. Lakini muziki unaponyamaza alfajiri, wako wenyeji wengine wa mtaa ambao huanza kusikika, nao hawadai kiingilio.

Ndege wa mvua

Wa kwanza ni dudumizi, ambaye Waganda humwita ttuttuma. Ni ndege mzito wa rangi ya kahawia, apendaye kujificha vichakani, na sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka katika chupa yenye shingo nyembamba. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki humhesabu kuwa mpiga mbiu wa mvua. Kisayansi sababu yake si ngumu: mvua huleta wadudu, na wadudu ndio chakula cha makinda. Ndege wengi hupanga uzazi wao uangukie wakati wa shibe.

Wa pili ni kwera, yule ndege wa manjano mwenye uso mweusi, ambaye hujenga kwa makundi katika minazi ya mapambo, migomba na miti iliyo karibu na nyumba za watu. Dume ndiye fundi. Huchana nyuzi ndefu za majani mabichi na kuzisuka kwa mdomo hadi apate kiota cha duara chenye mlango upande wa chini. Kisha hujining'iniza mlangoni kichwa chini, akipiga mbawa, ili kumwita jike aje kukagua. Jike huingia, huvutavuta kuta, na asiporidhika huenda zake. Kiota kilichokataliwa hukauka na kugeuka rangi ya kahawia. Hapo dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya kwa majani mabichi. Mtu akiona viota vimeanguka chini ya mti, asidhani kwamba ni kazi ya upepo au ya watoto watukutu. Mara nyingi ni kazi ya fundi aliyekataliwa.

Liko jambo jingine katika viota hivyo. Kekeo ni ndege asiyejenga; yeye hutaga yai lake katika kiota cha kwera na kumwachia mzigo wa ulezi. Kwera naye amepata kinga. Mayai ya jike mmoja hufanana yote, lakini hayafanani na ya jirani yake: mengine ni meupe, mengine ni ya kibuluu au kijani, mengine yana madoa na mengine hayana. Kwa hiyo mama anayeyajua mayai yake hulitambua yai la mgeni na kulitupa.

Wakati kwera wanajenga, mbayuwayu wa Ulaya wanafunga safari. Kuanzia Machi hukusanyika kwenye nyaya za umeme, kisha siku moja nyaya hubaki tupu. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini huvuka Sahara na bahari ili akazae kaskazini. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao hukaa wapi wakati wa baridi. Mbayuwayu mmoja aliyefungwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1912, na hivyo ikathibitika kwamba safari yao hufika hadi ncha ya bara hili. Basi ndege ambaye Mwingereza humshangilia mwezi wa Aprili kuwa mleta masika, huenda juma chache kabla alikuwa akikamata inzi juu ya paa la Afrika.

Kaloli, yaani korongo mfuko-shingo, hasafiri. Huyu ndiye ndege mkubwa wa Kampala, mwenye kimo cha hadi mita moja na nusu na mbawa ambazo zikikunjuliwa hupita mita mbili na nusu. Watu wengi humchukia kwa sababu ya sura yake na kwa kuwa hula jalalani. Lakini kichwa chake hakina manyoya kwa sababu njema: mwenye kuingiza kichwa ndani ya mzoga hahitaji manyoya ya kushika uchafu. Miguu yake nayo huonekana kama imepakwa chokaa, kwa kuwa hujinyea ili kuipoza wakati wa joto. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Derek Pomeroy, aliandika habari za ndege hao katika miaka ya 1970, na tangu hapo wamekuwa sehemu ya jiji. Wingi wao ni hesabu ya taka ambazo binadamu hakuzizoa.

Maua yasiyopandwa

Katika maua, jjirikiti huchanua kabla ya mvua, likiwa halina hata jani moja, na maua yake mekundu huwanywesha chozi. Kifabakazi, mti wenye maua ya rangi ya moto kama vikombe, ana machipukizi yaliyojaa maji. Watoto huyabinya na kurushiana.

Hata hivyo, ua la ttoggo hasa limo ardhini. Palipo na udongo ambao haujalimwa wala kusakafiwa, chini ya vichaka na kando ya miti mikubwa, mvua za kwanza huamsha kitunguu cha mwitu ambacho hutoa ua moja la mviringo, jekundu, lililo kama mpira wa cheche. Mpira huo kwa kweli ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, pengine hadi 200, katika bua moja. Baada ya siku chache hunyauka, na kitunguu husubiri mwaka mwingine. Ikumbukwe kwamba kitunguu hicho kina sumu, na katika sehemu kadha za Afrika kimetumika kutia sumu mishale na kuvulia samaki. Watoto wafundishwe kulitazama, wasiling'oe wala kulitia mdomoni.

Nnanda, jani la maua ya kibuluu litambaalo shambani, huonekana dhaifu. Lakini chini ya udongo huwa na maua mengine yasiyofunguka kamwe, nayo huzaa mbegu zake humo humo. Ndiyo sababu mkulima hupalilia leo na kulikuta kesho. Kishona nguo naye hutumia suruali za wapita njia kusafirisha mbegu zake. Ama kayukiyuki, yenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, si mwenyeji. Ilitoka katika nchi za joto za Amerika, na sasa husonga mimea mingine. Tunda lake likiwa bichi lina sumu.

Kinachopungua

Ndege mmoja hana budi kutajwa kwa ajili ya kukosekana kwake. Korongo taji amekuwa katika bendera ya Uganda tangu uhuru mwaka 1962. Ndiye jamii ya korongo awezaye kulala juu ya mti, lakini kiota chake hukijenga katika vinamasi. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni vinamasi kukaushwa na kujengwa. Mtoto wa Kampala humwona kila siku katika bendera ya shule, na huenda akamaliza masomo bila kumwona akitembea.

Hasara hiyo si ya ndege peke yake. Mafunjo ya vinamasi huchuja uchafu na kupunguza kasi ya maji. Ghuba ya Murchison, inayopokea maji machafu ya jiji kupitia mfereji wa Nakivubo, ndiyo ghuba ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya mabomba. Na kila kiwanja kinachosakafiwa kwa saruji mlimani hunyima udongo haki ya kunywa. Mvua yake huteremka yote kwa pamoja na kuingia katika nyumba za walio bondeni.

La kufanya nyumbani

Mwenye nyumba hana uwezo wa kurudisha kinamasi, lakini anao uwezo juu ya kiwanja chake. Asisakafie chote. Aache pembe moja isifyekwe tangu Machi hadi Mei, maana ndimo kitunguu cha mwitu na dudumizi watakamojificha. Akipanda mti, achague jjirikiti au kifabakazi. Panya wasitegwe kwa sumu, kwa kuwa mwewe akila panya aliyekufa kwa sumu naye hufa.

Mwisho, mtoto apewe daftari la kurasa chache. Aandike tarehe ya mvua ya kwanza, siku aliyomsikia dudumizi, siku kwera alipoanza kusuka, na siku nyaya zilipobaki tupu. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na chama cha NatureUganda huendesha hesabu za ndege ambazo raia wa kawaida hushiriki. Daftari la mwaka mmoja ni mchezo wa mtoto. Madaftari ya miaka kumi ni ushahidi: yataonyesha kama mvua zinachelewa, nani bado anakuja, na nani ameacha kuja.